Kuelea Si Mchezo

Katika kingo za ziwa letu la Victoria yuko ndege mdogo mwenye manyoya meusi na meupe, aitwaye mdiria. Ndege huyu huruka juu ya maji, na aonapo samaki chini yake husimama hewani. Mabawa yake hupiga kwa haraka, na kichwa chake hutulia mahali pamoja kana kwamba kimefungwa kwa uzi usioonekana. Akiisha kupima vema, hujitupa majini. Watu wengi humtazama wakafurahi, lakini ni wachache wajiulizao anafanyaje. Kwenda mbele ni kazi ya ndege wote. Kusimama hewani ni kazi ya ndege wachache mno, maana ni kazi ngumu kuliko kwenda.

Nimemtaja ndege huyu, msomaji, kwa sababu nataka kumtetea kijana ajaribuye kufanya kwa hesabu jambo ambalo mdiria hulifanya kwa mabawa. Kijana huyo huketi mbele ya kompyuta yenye programu ya mwigo wa safari za anga. Ndani ya programu hiyo umo mwezi, na juu ya mwezi kipo chombo chenye injini inayosukuma kwenda juu. Yeye hapendi kukiendesha chombo kwa mkono wake. Anataka kuandika kanuni zitakazokiendesha chombo peke yake, kikaelea mita 100 juu ya uso wa mwezi, kisipande wala kisishuke, mpaka atakapokiamuru vingine. Kanuni hizo zikiwekwa pamoja huitwa rubani wa mashine.

Kijana wa namna hii akionekana katika mji kama Muhoroni hakosi kusemwa. Mzazi humwuliza atakwenda mwezini lini. Mwalimu humwambia kuwa jambo hilo halimo katika mtihani. Jirani husema huo ni mchezo wa watoto wa matajiri, na kwamba mtoto wa mkulima wa miwa afadhali ashike jembe. Mimi nasema kwamba wote watatu wamekosea, na kosa lao si dogo. Tumekwisha ingia katika zama ambazo mashine hujiongoza zenyewe kwa kanuni zilizoandikwa na watu. Watu wasiojua kanuni hizo huandikwaje wataongozwa na wale wanaojua. Jambo hili ndilo nitakalolithibitisha, na kwanza sina budi kueleza kazi yenyewe, maana aghalabu mtu hudharau asilolijua.

Tuseme chombo chetu kina tungamo la kilo 10,000. Mwezi huvuta vitu kwa nguvu ndogo kuliko dunia: kitu kinachoanguka huko huongeza mwendo wake kwa mita 1.62 kwa sekunde katika kila sekunde. Kwa hiyo uzito wa chombo mwezini ni nyutoni 16,200. Injini ikisukuma kwa nguvu kubwa kuliko hizo, chombo hupata mwendo wa kwenda juu. Ikisukuma kwa nguvu ndogo, hupata mwendo wa kwenda chini. Mpaka hapa kila mwanafunzi wa fizikia atasema jambo ni jepesi: weka nyutoni 16,200, mambo yakaisha. Hayakuisha. Nguvu hizo humzuia mwenye kutulia asitikisike, lakini hazimrudishi aliyepotea. Chombo kikiwa kinashuka mita 3 kwa sekunde, kitaendelea kushuka mita 3 kwa sekunde mpaka kigonge mawe, ijapokuwa msukumo na uzito ni sawa kabisa.

Basi kijana hutunga kanuni ya kwanza. Husema: chombo kikiwa chini ya mita 100, injini iwake kwa nguvu zote, kikiwa juu ya mita 100, izime. Hujaribu, na chombo huruka kama chura. Kikifika mita 100 tayari kina mwendo mkubwa, injini huzimwa, nacho huzidi kupanda. Kisha huanguka, injini huwaka, na kabla mwendo wa kushuka haujakoma kimekwisha pita. Chombo hakitulii hata mara moja, na mafuta huteketea bure.

Hutunga kanuni ya pili. Husema: msukumo uwe kwa kadiri ya upungufu. Kikiwa chini sana, sukuma sana; kikiwa chini kidogo, ongeza kidogo; kikiwa juu, punguza. Hii yaonekana kuwa ni busara, nayo ndiyo busara ya watu wengi katika mambo yao yote. Lakini chombo hupanda na kushuka kama bembea isiyokoma. Sababu ni ile ile: kanuni hutazama mahali chombo kilipo, haitazami kinavyokwenda.

Hapo ndipo kijana hupata elimu yake ya kweli. Hutunga kanuni ya tatu inayotazama mambo mawili. Huchukua upungufu wa kimo kwa mita na kuuzidisha kwa 0.04. Huchukua mwendo wa kupanda na kuuzidisha kwa 0.4, kisha huutoa katika ile hesabu ya kwanza. Jibu hulijumlisha na 1.62, na jumla huizidisha kwa kilo 10,000. Tujaribu. Chombo kiko mita 90, kinapanda mita 3 kwa sekunde. Upungufu ni 10, mara 0.04 ni 0.4. Mwendo ni 3, mara 0.4 ni 1.2. Toa, utapata 0.8 chini ya sifuri. Jumlisha na 1.62, utapata 0.82. Basi msukumo ni nyutoni 8,200, yaani karibu nusu ya uzito.

Tafakari jambo hili, msomaji. Chombo hakijafika, bado mita 10 nzima, lakini kanuni imekwisha punguza nguvu za injini. Mjinga atasema kanuni imekosea. Mwenye akili ataona kwamba kanuni inafanya kama afanyavyo baharia ajuaye kazi yake, ambaye hutua tanga kabla ya kufika gatini. Chombo hupunguza mwendo kwa upole, hufika mita 100 na kutulia.

Kazi bado haijakamilika. Injini hula mafuta, na chombo huzidi kuwa chepesi. Baada ya muda tungamo lake ni kilo 9,000, lakini kanuni bado inazidisha kwa 10,000 kama siku ya kwanza. Uzito wa sasa ni nyutoni 14,580 tu. Ukifanya hesabu utaona kuwa chombo hakitulii tena mita 100. Hutulia mita 104 na kidogo, na hukaa huko kikidhani kimetii amri. Kijana hana budi kuongeza sehemu ya tatu: kanuni ikumbuke kosa lililokaa muda mrefu, na kadiri kosa linavyozidi kukaa ndivyo izidi kulisahihisha. Halafu ataligundua jambo jingine, kwamba chombo kikiinama kwa nyuzi 60, nusu tu ya msukumo ndiyo inayokishikilia juu, na nusu ya kushikilia imepotea. Atalirekebisha na hilo. Kila kosa humfundisha kitu ambacho mwalimu hakukisema, na humfundisha kwa namna isiyosahaulika, maana amekiona chombo chake mwenyewe kikivunjika.

Sasa tuwajibu wenye kudharau, mmoja baada ya mmoja.

Wa kwanza husema huu ni mchezo. Je, mchezo huu ulianzia wapi? Tarehe 20 Julai 1969, Neil Armstrong na Buzz Aldrin walitua mwezini. Watu husimulia kwamba mwishoni Armstrong alikiendesha chombo kwa mkono, akakivusha juu ya mawe makubwa mpaka akaona mahali pazuri. Ni kweli, lakini kompyuta haikuacha kazi. Yeye aliamuru kwa kidole kiasi cha mwendo wa kushuka, na kompyuta ndiyo iliyokuwa ikiongeza na kupunguza moto wa injini ili mwendo huo upatikane. Mkono wa binadamu na kanuni ya mashine vilishuka mwezini pamoja. Katika mwaka huo huo wa 1969, kijana wa shule ya sekondari katika mji wa Lexington, Marekani, jina lake Jim Storer, aliandika programu ya mwigo wa kutua mwezini. Kompyuta ya aina aliyoitumia, PDP-8, katika umbo lake la kawaida ilikuwa na nafasi ya kuhifadhi maneno 4,096 tu ya mashine. Simu ndogo iliyomo mfukoni mwa mchukuzi wa bodaboda inaizidi mara nyingi zisizofaa hata kuhesabiwa. Programu yake ilinakiliwa na watu wengi, ikazaa nyingine nyingi. Mwaka 2024, baada ya miaka 55, mtaalamu mmoja aliichunguza akaona kosa dogo katika hesabu zake. Basi kijana wa sekondari alifanya kazi iliyostahili kuchunguzwa na wataalamu baada ya nusu karne. Ikiwa huo ni mchezo, tuombe Mungu atujalie wachezaji wengi.

Tena mwigo una fadhila moja ambayo kazi ya kweli haina. Chombo cha mwigo kikianguka hakimwui mtu. Kijana anaweza kukiangusha mara 200 kwa siku moja, na mara ya 201 akajua sababu. Mwanafunzi wa udereva hapewi basi lililojaa abiria siku ya kwanza. Nani atamlaumu mtu ajifunzaye mahali ambapo makosa yake hayamdhuru jirani?

Wa pili husema elimu hii haifai katika nchi ya miwa. Huyu hajatazama miwa yenyewe inavyogeuka sukari. Muhoroni imekuwa na kiwanda cha sukari tangu mwaka 1966. Miwa husagwa, maji yake hutolewa, na makapi yake huchomwa katika tanuru ili kuchemsha maji ya boila. Mvuke hutoka bila kukoma na kuzungusha mitambo. Maji mapya huingia bila kukoma kuchukua mahali pa yale yaliyogeuka mvuke. Maji yakipungua mno, mabomba hukauka na kuungua, na hatari yake ni kubwa. Yakizidi mno, hufuatana na mvuke na kuharibu mitambo. Hayana budi kutunzwa katika kimo kimoja. Je, kazi hiyo ina tofauti gani na kukitunza chombo katika mita 100? Pale mafuta hupungua, hapa maji hupungua. Pale injini husukuma, hapa pampu husukuma. Kanuni ni ile ile. Kijana aliyekielea chombo juu ya mwezi wa mwigo akiingizwa katika kiwanda ataitambua kazi yake ya zamani imevaa nguo nyingine.

Wala si kiwandani tu. Kila abiria wa matatu amesikia neno gavana, kifaa kinachozuia gari lisizidi mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Babu wa kifaa hicho ni mtambo wa vitufe viwili vinavyozunguka, ambao James Watt aliufunga katika injini za mvuke mwaka 1788: injini ikienda kasi, vitufe hutanuka na kupunguza mvuke, ikienda polepole, hushuka na kuuongeza. Kwa miaka 80 mafundi walivitumia vitufe hivyo, na mara nyingine injini zao zikawa na wazimu wa kuongeza na kupunguza mwendo bila kutulia, kama chombo chetu cha kanuni ya pili. Mwaka 1868 mtaalamu James Clerk Maxwell aliandika hesabu zilizoeleza sababu. Na mwaka 1922 mhandisi Nicolas Minorsky, mzaliwa wa Urusi aliyehamia Marekani, alichapisha uchunguzi wake juu ya meli zinazojiongoza zenyewe. Aliwatazama washika usukani. Akaona kwamba mshika usukani hodari hatazami tu meli imepotoka kiasi gani. Hutazama pia inageuka kwa upesi gani, na huufikiria upepo na mkondo unaoisukuma siku hiyo. Hizo ndizo sehemu tatu za kanuni ya kijana wetu. Mvuvi wa Dunga au Usenge anayerudi na mashua ya tanga wakati wa magharibi anazijua zote tatu mkononi mwake, ijapokuwa hakuziandika. Elimu hii si ngeni kwetu. Kilicho kigeni ni kuiandika kwa hesabu, na hicho ndicho tunachomkataza kijana asijifunze.

Bado husemwa kwamba anga ni mbali na Muhoroni. Mji huu una kiwanda kinachotengeneza pombe kali ya spiriti kutokana na molasi, yaani uchafu mtamu unaobaki baada ya sukari kutolewa. Tarehe 5 Mei 1961 Alan Shepard, Mmarekani wa kwanza kwenda anga za juu, alirushwa na roketi ya Redstone iliyochoma spiriti ya aina hiyo ikichanganywa na maji na oksijeni baridi. Muwa na roketi si wageni wao kwa wao kama tudhanivyo. Na hapo Chemelil, mwendo mfupi tu kutoka Muhoroni, kampuni ya Zipline imeweka kituo cha ndege ndogo zisizo na rubani, zinazopeleka dawa na chanjo katika vituo vya afya. Ndege hizo hupita juu ya mashamba ya miwa zikijiongoza kwa kanuni. Mtoto wa mkulima huinua uso, akaziona. Je, tumfundishe kuzipungia mkono tu?

Wa tatu ni hatari kuliko wote, kwa sababu husema kwa sauti ya hekima. Husema: "Wenzetu wamekwisha tengeneza mashine hizi, sisi tuzinunue na kuzitumia. Ya nini kujisumbua?" Huyu namjibu kwa historia. Neno rubani ni la kale katika lugha yetu. Kabla ya kuwako ndege za chuma, liliitwa kwa mtu ajuaye njia za bahari na kuongoza jahazi. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipofika Malindi na merikebu zake, hakuijua njia ya kuvuka mpaka India. Alipewa rubani hapo Malindi, naye akamvusha. Siku hizo aliyehitaji uongozi alikuwa mgeni, na mwenye elimu alipatikana katika pwani yetu.

Mambo yaligeuka. Tangu mwaka 1967 mpaka 1988 roketi zilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi hiyo hiyo. Jukwaa lilikuwa la Waitalia, na roketi zilikuwa za Kimarekani. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kuchunguza nyota kwa miale ya eksirei, ikapewa jina la Uhuru. Ni heshima, wala siikatai. Lakini jina lilikuwa letu, bahari ilikuwa yetu, anga ilikuwa yetu, na usukani ulikuwa wa wengine. Mwenye nyumba alikuwa mtazamaji katika ua wake mwenyewe. Ilipita karibu nusu karne ndipo setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iitwayo 1KUNS-PF, ilipoachiwa angani mwezi Mei 2018. Na ndipo Taifa-1, iliyosanifiwa na wahandisi wa Kenya, iliporushwa tarehe 15 Aprili 2023. Taifa-1 ilipanda kwa roketi ya Falcon 9 kutoka California, na sehemu ya chini ya roketi ya aina hiyo hurudi duniani ikatua yenyewe kwa moto wa injini zake, bila mkono wa mtu. Tumepiga hatua. Hatua ya pili haitapigwa na watu waliofundishwa kununua tu.

Na kwa mwenye kudhani kuwa kununua ni salama, liko jambo la huzuni ambalo sharti litajwe. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines, aina ya Boeing 737 MAX, iliondoka Addis Ababa kuja Nairobi. Dakika 6 baada ya kuruka ilianguka, na watu wote 157 waliokuwamo wakafa. Wakenya walikuwa 32, wengi kuliko watu wa taifa jingine lolote. Chini ya miezi mitano kabla ya hapo, ndege ya aina hiyo hiyo ilikuwa imeanguka Indonesia na kuua watu 189. Uchunguzi ulionyesha kwamba ndege hizo zilikuwa na mfumo wa kujiongoza uitwao MCAS. Mfumo huo ulitegemea kipimo kimoja tu cha pembe ya ndege hewani. Kipimo kiliposema uongo, mfumo uliamini, ukaisukuma pua ya ndege kuelekea chini, tena na tena, na marubani wakashindana nao mpaka mwisho. Mashine haikuasi. Ilitii, ilitii kanuni mbovu iliyotegemea shahidi mmoja mwongo.

Sasa nakuuliza, msomaji: ni nani awezaye kuuliza swali lililo sawa juu ya mashine kama hiyo kabla haijaua? Ni yule aliyewahi kuandika kanuni, hata ikiwa ya mchezo. Kijana aliyekielea chombo chake akipenda anaweza kukipa kipimo kiongo kwa makusudi, akaambiwa kimo kikubwa mno kuliko mita 100 wakati chombo kiko mita 20, kisha akatazama kitakavyojizika ardhini kwa utii mkubwa. Tangu siku hiyo, kila atakapoonyeshwa mashine inayojiongoza, swali lake la kwanza litakuwa: "Kipimo kikidanganya, itakuwaje?" Swali hilo ni la mtu huru. Mtu aliyefundishwa kununua na kutumia tu halijui. Yeye hufunga mkanda na kuomba dua. Dua ni njema, lakini Mungu ametupa na akili.

Wa nne husema hatuna vyombo. Huyu namheshimu, maana neno lake lina ukweli. Ziko shule zisizo na kompyuta, na ziko zenye kompyuta zilizofungiwa kabatini kwa hofu ya kuharibika. Lakini tusiufanye uhaba kuwa kinga ya uvivu. Programu ya mwigo iitwayo Orbiter ilitungwa na Martin Schweiger katika Chuo Kikuu cha London kiitwacho University College, ikatolewa mwaka 2000, nayo hupatikana bila malipo. Mwaka 2021 hata maandishi yake ya ndani yaliwekwa wazi ili kila mtu ayasome na kuyabadili. Anayetaka kuandika rubani wa mashine atapata humo mwezi, sayari na vyombo tayari. Asiye na kompyuta naye hakukatazwa. Zile hesabu nilizozionyesha huhitaji kalamu na karatasi tu. Piga mistari minne: wakati, kimo, mwendo, msukumo. Anza na mita 50 na mwendo sifuri. Tafuta msukumo kwa kanuni, tafuta mwendo baada ya sekunde 1, tafuta kimo kipya, uandike, uanze tena. Baada ya mistari 30 utaona kwa macho yako chombo kikipanda, kikipunguza mwendo na kuanza kutulia. Utakuwa umekielea chombo mwezini kwa daftari. Hakuna umaskini unaozuia jambo hilo. Kuna kutoambiwa tu kwamba linawezekana.

Neno langu la mwisho laelekea kwetu sisi tunaofundisha na kulea. Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya iliidhinisha mtaala wa uandishi wa programu kwa shule. Kuidhinisha ni jambo jema, lakini mbegu iliyoidhinishwa si mbegu iliyopandwa. Tukiligeuza somo hili kuwa orodha ya maneno ya kukariri, mwanafunzi atajibu swali la maana ya programu bila kuwa ameandika hata moja, kama mtu ajuaye majina ya samaki wote wa ziwani na hajui kutega wavu. Mtihani utampa alama, na maisha yatamnyima. Afadhali mwanafunzi mmoja aliyeangusha chombo mara 200 akajua kwa nini, kuliko 100 waliokariri kwamba rubani wa mashine ni kitu fulani.

Sisemi kwamba kila mtoto wa Muhoroni awe mhandisi wa roketi. Sisemi kwamba kanuni za kuelea zitawalipa wakulima wa miwa fedha zao zilizocheleweshwa. Deni hulipwa kwa fedha, na haki ya mkulima haina budi kudaiwa kwa njia yake. Nasema kwamba kijana aliyeketi na kulazimisha chombo kitii hesabu zake amejifunza mambo matatu ambayo nchi yetu inayahitaji sana: kutazama kosa bila kulificha, kupunguza mwendo kabla ya kugonga, na kusahihisha kosa lililozoeleka. Zikifundishwa kwa maneno matupu, adabu hizo huitwa mawaidha, nayo husahaulika jioni. Zikifundishwa na chombo kinachovunjika, hukaa.

Basi, msomaji kijana, ukiulizwa na mtu utakwenda mwezini lini, usikasirike wala usiinamishe kichwa. Mwonyeshe daftari lako, mstari ule ambapo chombo kiko mita 90, kinapanda, na injini imekwisha punguzwa. Mwulize kwa adabu kwa nini imepunguzwa. Akijua, umempata mwalimu. Asipojua, mweleze, kisha rudi kazini kwako.